Darubini ya Nyati wa Mpofi

Jumatatu, 4 Juni 2001. Masisi.

Habari mbaya kutoka Mpofi, na nafasi nzuri kwangu. Mama Emérita, shangazi wa mke wangu Kavira, amevunjwa mkono na nyati. Mnyama anatoka porini alfajiri, anakanyaga mihogo, anarudi zake. Shamba hilo ndilo linalowalisha wakimbizi aliowapokea nyumbani kwake tangu vita iwatoe kwao. Sasa hakuna anayethubutu kwenda kuchimba. Chefu wa kijiji ametuma ujumbe hadi huku milimani: nani ana bunduki ya kuwindia yenye kibali?

Tuko wawili tu. Mimi, na bunduki ya Mauser niliyoachiwa na marehemu baba mkubwa. Na Viateur wa Burungu, mfugaji, mwenye bunduki kuukuu ambayo kitako chake kimefungwa kwa ngozi ya ndama. Viateur ameshaua nguruwe pori, nyati, hata chui mmoja aliyekuwa akimlia ndama. Mimi bado. Sababu najua. Bunduki yangu haina darubini, lunette. Namwona mnyama, namlenga mnyama, risasi inakwenda kutafuta kitu kingine.

Kavira akauliza kama Viateur ana lunette. Nikasema hana. Akasema "hm", akaendelea kupima chumvi ya duka letu. Hiyo "hm" imenikera mchana mzima.

Jumatano, 6 Juni.

Nimekwenda kwa Karangwa, ambaye baba yake alikuwa msimamizi wa shamba la Mzungu. Mzungu aliondoka, vitu vikabaki. Karangwa ana lunette mbili. Moja fupi, imechubuka, inakuza mara nne. Nyingine ndefu kama mkono wangu, inakuza mara kumi na mbili, ina pete za kuzungusha huku na huku. Nilimweleza ninachotaka: lunette moja ya kazi zote. Nyati wa porini, swala wa mlimani, nguruwe, na wanyama ambao bado sijakutana nao.

Viateur alikuwepo, ameleta maziwa. Hakuna aliyemuuliza. Akasema mwenyewe, kwa upole wake ule unaochosha:

"Papa Eugène, mu pori ya Mpofi hauwezi kuona mbali. Unaona muti, nyuma yake muti ingine. Kamata ile kidogo. Na usiweke jicho karibu, itakupiga."

Basi nikachukua ile kubwa. Kama angenyamaza labda ningechukua ndogo. Ni kosa lake. Karangwa alitaka radio ya dukani, nikampa. Nikaijaribu lunette pale pale uani kwake: ng'ambo ya bonde kulikuwa na ng'ombe anacheua, nikaziona kope zake. Kope! Viateur anawinda kwa bahati. Mimi nitawinda kwa ufundi.

Ijumaa, 8 Juni.

Kavira ameona mahali pa radio pako wazi. Wateja nao wameona. Walikuwa wanakuja kusikiliza habari za vita, wakisikiliza wananunua sabuni. Leo wamesimama kidogo, wametazama rafu, wamekwenda kwa Mama Dancille ng'ambo ya barabara, ambaye ana radio. Kavira hasemi nami ila kuhusu chumvi.

Lunette haikai kwenye bunduki. Vyuma vyake vimepotea. Nimeifunga kwa vipande vya mpira wa tairi na waya. Kuijaribu kwa risasi haiwezekani, mlio mmoja tu na askari wanajaa uani. Kwa hiyo nimelenga sufuria bila kufyatua, mara nyingi. Sufuria haikuwa na njia ya kunikwepa.

Tatizo moja tu: bariyeri, vizuizi vya askari barabarani. Bunduki ina karatasi yake. Lunette haina. Na katika vita hii, mtu mwenye lunette kama hii askari hawamwiti mwindaji, wanamwita mpiganaji wa adui. Nimewaza sana. Halafu nimepata. Nimefungua fromage moja kubwa, jibini letu la hapa, kwa chini, nimetoa moyo wake, nimeingiza lunette mpaka ndani, nimeziba kwa ule ule moyo na kupitisha kisu cha moto juu. Nani atakagua fromage hapa Masisi? Ni kama kukagua mvua.

Jumatatu, 11 Juni. Njiani.

Naandika kando ya njia, daftari juu ya goti.

Chefu alituomba tuje wote wawili, kwa hiyo nilisafiri na Viateur. Pikipiki mpaka barabara ilipokatika, halafu miguu. Bariyeri ya kwanza walituuliza karatasi, wakatupitisha. Ya pili walikuwa na njaa. Nilibeba fromage tatu. Nikawapa mbili kabla hawajaomba. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, maana hakuna mtu anayetoa kabla ya kuombwa. La pili ni kwamba ile ya tatu nilikuwa nimeikumbatia kama mtoto mchanga.

Askari akaichukua, akachomeka kisu. Kisu kikagonga chuma. Akachomeka upande mwingine. Chuma tena. Akanitazama.

"Papa, hii fromage iko na mufupa?"

Baada ya hapo hakuna aliyecheka. Walinivua mkanda na viatu. Wakanikalisha chini ya ukuta wa shule iliyofungwa. Askari mmoja akamweleza mwenzake, makusudi nisikie, kwamba wa mwisho kukutwa na chombo cha namna hii walimpeleka nyuma ya shule, na shughuli yake haikuchukua muda. Nilimfikiria Kavira. Nilifikiria kwamba neno la mwisho aliloniambia lilihusu chumvi.

Viateur, karatasi zake zilikuwa safi. Walimwambia aende. Hakwenda. Aliweka bunduki yake mbele yao, akakaa chini karibu nami, bega kwa bega, mpaka komanda akafika. Ndipo akasimama, akavua kofia.

"Mon commandant, huyu papa ninamujua tangu zamani. Hajapiga hata kanga. Kama adui wangemupata, wangemurudisha kwenu."

Komanda akaniangalia. Akachukua lunette, akaipangusa kwa shati, akaielekeza mlimani. Kioo kilikuwa kimejaa mafuta. Akasema anaona njano tu. Akasema ni kitu kimekufa. Akanitupia, akaagiza nirudishiwe viatu. Fromage wamebaki nayo.

Tumeendelea na safari. Namshukuru Viateur, bila shaka. Lakini angeweza kunitetea bila kumtaja kanga.

Jumanne, 12 Juni. Mpofi.

Mama Emérita ametupokea akiwa amefungwa mkono kwa vijiti na kitambaa. Nyumba yake imejaa watu hadi jikoni. Walikuwa wanachemsha majani ya mihogo, kwa sababu majani yako karibu na nyumba na mihogo yenyewe iko kule kwa nyati. Watoto wamekaa kimya. Watoto walioshiba hawakai hivyo. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuwaambia kuhusu lunette yangu. Nikayameza.

Badala yake nilikwenda kuiosha. Kwa sabuni na maji ya moto, ili mafuta yatoke. Mafuta yalitoka. Maji yaliingia. Nikaikausha juu ya moto. Sasa ndani kuna wingu dogo linalokuja na kwenda, na inanuka maziwa ya juzi. Lakini pete zinazunguka vizuri sana.

Jioni Mama Emérita alitupeleka shambani, mbali kidogo, kutuonyesha njia ya mnyama. Wanawake wamechimba shimo refu kwenye njia hiyo, wamelifunika kwa majani ya migomba. Nyati amelizunguka kila siku, lakini wameliacha hapo hapo. Alituonyesha mahali lilipo, akarudia, akaniuliza mimi hasa kama nimepaona. Nilikuwa nazungusha pete. Nikasema ndiyo.

Jumatano, 13 Juni.

Naandika kwa jicho moja.

Viateur alitaka tukae kwenye ukingo wa shamba, tusubiri, upepo ukitupiga usoni. Kukaa na kusubiri ni uwindaji wa paka. Nilimwambia abaki. Mimi nikatangulia mbele, lunette imefungwa tena juu ya bunduki, iko jichoni, maana chombo hicho lazima kitumike. Niliona jani moja, kubwa sana, wazi sana. Nikaona jani lingine. Halafu nikaona udongo, mwingi, unapanda juu.

Nilikuwa ndani ya shimo.

Sikuumia. Nilikuwa bado natafuta kofia, mara juu pakapotea mwanga. Nikasikia pumzi. Sitaki kuficha kitu katika shajara yangu mwenyewe: nilijikunyata kwenye udongo. Nikainua bunduki, nikatazama. Kwenye lunette palikuwa na giza, na katikati ya giza kitu kilicholowa, kinang'aa, chenye tundu. Nilizungusha pete. Tundu likawa kubwa zaidi. Lilikuwa ni pua.

Nikafyatua. Lunette ikarudi, ikanipiga juu ya jicho. Damu ikafunika kila kitu. Nikasikia mlio mwingine, si wangu, halafu kitu kizito kikaanguka mpaka udongo ukanimwagikia kichwani. Nikasubiri kufa. Badala ya kufa nikasikia sauti inayohema, sauti ya mtu aliyekimbia.

"Papa Eugène. Papa Eugène, uko muzima?"

Alishuka mwenyewe shimoni kunipandisha.

Mara tu niliposimama niliuliza risasi ya nani. Wanakijiji waliokuja mbio wakamgeuza nyati. Tundu moja, nyuma ya bega. Ya Viateur. Yangu ilipatikana baadaye: ilikuwa imekata mkungu wa ndizi juu kabisa ya mgomba. Viateur aliwaambia watu kwamba nyati alisimama ili kunitazama mimi, na bila hivyo asingepata nafasi ya kumpiga. Amesema kwa heshima. Lakini ukilitafakari, neno hilo linanifanya chambo.

Hata hivyo. Kabla jua halijapanda vizuri wanawake walikuwa shambani. Kufikia mchana jiko lilikuwa na mihogo na nyama, na watoto walikuwa wanapiga kelele mpaka kichwa changu kikauma. Mama Emérita aligawa mwenyewe kwa mkono wake mzima. Nilipofika mbele yake na sahani, aliniwekea ndizi.

"Kila muntu na ile alipiga, mutoto wangu."

Halafu, wote walipomaliza kucheka, akanipa nyama pia. Kipande kizuri. Nimekila nikiwa nimewapa mgongo.

Jumamosi, 16 Juni. Masisi.

Nimefika. Juu ya jicho nina alama kama mwezi mwandamo. Kwenye bariyeri wale askari waliitazama wakauliza kama ni fromage imeniuma. Viateur hakuwaeleza kitu. Alisema tu, "Tuliua nyati." Tuliua! Mshindani mwenye tabia nzuri hana mahali pa kumshikia.

Kavira alinishika uso kwa mikono miwili, akageuza kichwa changu kwenye mwanga, akaosha kidonda. Alipomaliza akasema, "Papa Kétsia, ungekufa, ningemwambia nini mutoto wetu Kétsia? Ati fromage?" Halafu akalia kidogo. Nikaahidi mambo mengi.

Jumatano, 20 Juni.

Radio imerudi, lunette imeondoka. Kavira alikwenda mwenyewe kwa Karangwa na paja la nyati lililokaushwa, nililorudi nalo kutoka Mpofi, akabadilisha. Wateja wamerudi. Nyumbani kuna amani.

Nimekaa dukani siku hizi nikipima makosa yangu yote kwa utulivu, kama mtu mzima. Kwa nini niliona jani badala ya nyati? Kwa nini niliona pua badala ya kichwa? Nimepata jibu. Ile lunette ilikuwa dhaifu.

Leo amepita Jules, mfanyabiashara wa Butembo, na mizigo yake. Ameiona alama yangu akauliza. Nilimfundisha mambo ya lunette mpaka chai ikapoa, maana hapa Masisi hakuna anayeyajua kunizidi. Alinisikiliza kwa adabu. Halafu akasema ana chombo kimoja sandukuni, cha mapadri waliohama, kinasimama kwa miguu mitatu. Yuko tayari kubadilishana kwa cherehani ya mke wangu. Kavira bado sijamwuliza, atafurahi akielewa.

Jules anasema kwa chombo hicho mtu anaiona milima ya mwezini. Sasa nyati atajificha wapi?