Mapafu ya Pikapu ya Mama Tecla

Pancras alikuwa kwenye kibanda kimoja pale Bugarama, akinywa chai ambayo hakuwa na nia ya kuilipia, alipoiona pikapu ikija pua juu. Ilikuwa inavuta trela la ng'ombe, na uzito ulikuwa umeikalisha kitako kiasi kwamba taa zake za mbele, ambazo dereva alisahau kuzizima, zilimulika kunguru mitini. Mtu wa kawaida angeona gari lililochoka. Pancras aliona riziki. Akatoka kibandani kwa heshima zote, kupitia uani.

Huyu bwana alikwisha kuwa mtaalamu wa mbegu, wakala wa viwanja, na kwa siku chache tu, mjomba wa bibi harusi. Siku hiyo aliamua kuwa injinia. Kwenye simu alikuwa ameona mifuko ya mpira inayofungwa nyuma ya gari, kati ya chesisi na ekseli. Ukiijaza upepo, gari linanyanyuka na kuvuta mzigo bila kuinamia nyuma. Vitu hivyo vipo na vinafanya kazi. Vya Pancras vilikuwa viwili, vimekatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi la lori, vikaunganishwa kwa gundi ya viatu na kuandikwa JAPAN kwa rangi nyeupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu mwenye pikapu, Mama Tecla, mfanyabiashara wa ng'ombe anayeendesha mwenyewe.

"Mama, gari lako si bovu. Limekosa mapafu tu."

Mama Tecla alimtazama kuanzia tai hadi kandambili. "Miaka yote hii lilikuwa linahema kwa kitu gani?"

"Kwa kujikaza, mama."

Trela likafunguliwa, Pancras akaingia uvunguni na mapafu yake, kisha akayajaza kwa pampu ya baiskeli. Kitako cha pikapu kikapanda taratibu. Watu wakapiga makofi. Gari tupu lingeweza kuinuliwa hata kwa mito ya kulalia, lakini makofi ni makofi, na Pancras aliyapokea kwa kuinamisha kichwa.

"Pesa sina mpaka mnadani," alisema Mama Tecla. "Nitakulipa yule fahali mwekundu aliye kwenye trela."

Ilibidi Pancras akohoe ili asicheke. Fahali yule angenunua mapafu ya wilaya nzima.

"Tukifika Biharamulo nitatangaza mbele ya watu kwamba ni wako, umwuze. Na kwetu fundi hupanda safari ya kwanza ya kazi yake."

"Mama, nina mteja ananisubiri Nyakisasa. Si nimchukue fahali hapa hapa?"

"Mchukue."

Pancras akawaza. Mwanamume mwenye tai, anayeswaga fahali ambaye kata nzima inajua ni wa Mama Tecla, hafiki mbali. Anafika polisi. Akafungua mlango wa pikapu, akapanda.

Kilima cha kwanza hakikuwa na neno. Cha pili, kitu kilifyonya nyuma, kikalia kama mtoto aliyenyimwa.

"Injinia, nini hicho?"

"Mapafu yanazoea, mama."

Yalizoea kabisa. Kufika kwenye mteremko, kitako kilikuwa chini, pua juu, usukani mwepesi kama wa kuchezea, na trela lenye ng'ombe wanne likisukuma kutoka nyuma kwa hamu ya kutangulia. Mama Tecla aliendesha kwa mkono mmoja. Kwa mwingine alikuwa anamenya ndizi.

"Mama, breki!"

"Hizo ndizo sijawahi kuziamini. Lakini si tuna mapafu?"

Walipofika Nyakahura wakiwa hai, Pancras alikuwa ameogopa kwa moyo wake wote, na hakuona haya. Kando ya barabara palikuwa na muuza vyuma, na kwa bahati alikuwa na springi za kuongezea zinazoingia kwenye pikapu ya aina ile ile. Pancras akazinunua kwa pesa zake zote, akaongezea saa yake. Akalala matopeni na tai yake, akazifunga mwenyewe. Mama Tecla alipokea yale mapafu yaliyofunguliwa, akayapangusa vizuri na kuyaweka chini ya kiti.

Biharamulo waliingia gari likiwa sawasawa. Wiston, mlanguzi ambaye kila mnada humpunja Mama Tecla kwa kisingizio kwamba ng'ombe wamechoshwa na safari, alizunguka pikapu mara mbili na akakosa kisingizio. Mama Tecla akatimiza ahadi, akatangaza fahali ni wa injinia. Wiston akamnunua kwa bei nzuri. Pancras akaanza kurudi nyuma kuelekea stendi.

"Na hiki kitako umekifanyaje?" Wiston aliuliza. "Langu linalala kila nikirudi na mifugo kutoka Ngara."

"Gari lako si bovu," alisema Mama Tecla, akitoa mapafu chini ya kiti. "Limekosa mapafu tu."

Hapo Pancras akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kazini. Alisema kweli. "Mzee, usinunue. Ni mpira wa tairi na gundi ya viatu."

Wiston akacheka hadi akashika kiuno. "Mnataka kunificha ili muwauzie wenzangu! Mama, taja bei, nami naongeza." Akalipa, akampa Mama Tecla alichoomba na zaidi, kisha akamshika Pancras mkono kwa nguvu za mtu aliyezoea kushika pembe. "Fundi, twende ukafunge. Safari ya kwanza si unapanda?"

"Hupanda," Mama Tecla alijibu kwa niaba yake.

Jua lilipopungua ukali, gari la Wiston liliondoka kuelekea Ngara na trela nyuma, Pancras akiwa dirishani, pesa za fahali zimevimba mfukoni. Mama Tecla akasogea kumuaga.

"Injinia, ukisikia yanazoea, usiogope. Yule muuza vyuma wa Nyakahura ni shemeji yangu. Nimempigia simu, amekuwekea springi nyingine."