Kifundo Kilichoteguka kwa Makusudi

Jumanne, 24 Desemba

Tumefika. Nyumba ya mbao ya wazazi wa Ragnfrid iko juu mlimani, theluji mpaka madirishani. Ragnfrid amesema nikielewana na wazee wake, baada ya sikukuu nihamie kwake. Nimemwambia asijali, wazee hunipenda.

Tatizo moja dogo. Kiangazi, tulipoanza kupendana, nilimwambia niliwahi kuwa bingwa wa skii, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini. Ilikuwa jioni nzuri, maneno yalitoka yenyewe. Mimi ni mtu wa Bergen, mji wa pwani usiokauka mvua, nauza mabuti ya mvua. Skii nimeziona dirishani mwa duka.

Tatizo kubwa: Eivind. Jirani yao, alisoma na Ragnfrid, hualikwa kila Krismasi. Ana mabega! Ananiita “bingwa” huku akitabasamu.

Mezani, uji wa mchele. Ndani yake hufichwa lozi moja, na atakayeipata hupewa nguruwe wa peremende. Nilikuja na lozi yangu mfukoni. Mpango safi! Nikaichomeka shavuni, nikashangilia. Eivind akafungua kiganja polepole: naye anayo. Mama Borghild, mama yake Ragnfrid, akaapa aliweka moja tu. Mumewe, Mzee Oddvar, akasema labda imezaa. Nguruwe kapewa Eivind. Lozi yangu ilikuwa ya kukaangwa, ina chumvi. Nadhani hawakuona.

Jumatano, 25 Desemba

Mbavu za kondoo, viazi, usingizi. Raha. Kisha Mzee Oddvar akatangaza kwamba kesho ni safari ya familia ya skii, mpaka kileleni na kurudi, na atakayetangulia ni bingwa. Nusura nimeze mfupa.

Mpango mpya: kuteguka. Nikatoka kufuata kuni, nikachagua mahali palaini, nikajiangusha, nikapiga yowe. Yowe zuri ajabu, mbwa wa kina Eivind waliitikia. Mama Borghild akanifunga bendeji kifundoni. Nikawasihi waende bila mimi, nitabaki na moto na keki. Nikajifuta chozi. Waliguswa wote.

Jioni Ragnfrid akauliza mbona bendeji iko mguu wa kulia na ninachechemea wa kushoto. Nikasema maumivu yanahama.

Alhamisi, 26 Desemba

Balaa! Familia hii haimwachi mtu. Asubuhi Eivind kaja na sleji, kigari kisicho na magurudumu cha kukokotea mizigo thelujini. Wakanilaza humo, wakanifunika ngozi ya kulungu, wakanifunga mikanda kama mtoto mchanga. Eivind akajifunga kamba kiunoni.

“Funika masikio, bingwa,” akasema. “Yasije yakateguka nayo.”

Akanikokota mlima mzima bila hata kuhema. Watu wa vibanda vingine walinipungia mkono. Bibi mmoja alinipa chungwa.

Karibu na kilele Ragnfrid na mama yake walitangulia kuwasha moto. Eivind akafungua kamba, akaenda kukata matawi makavu. Nikabaki na Mzee Oddvar. Alirudi nyuma hatua kadhaa anionyeshe bonde alikozaliwa. Akanyoosha fimbo. Theluji ikatoa mlio kama wa gunia linalochanika, na Mzee hayupo.

Yaani hayupo! Kofia tu juu ya theluji. Chini ya theluji kulikuwa na kijito, naye yuko shimoni, amezama majini mpaka kwapani, maji yanamvuta skii.

Nilipiga kelele. Hakuna aliyesikia, upepo ulikuwa mkali. Nikaikumbuka bendeji, nakiri. Kwa muda wa kupepesa jicho. Kisha uso wa Mzee ukawa wa rangi ya majivu, akasema kwa sauti ndogo, “Gaute, mwanangu, miguu siisikii.”

Nikajifungua mikanda, nikakimbia. Nikalala kifudifudi, nikamrushia kamba ya sleji, nikavuta mpaka nikaona nyota. Akatoka kama kisiki. Nikamvua viatu, nikamvika soksi zangu, nikamfunika ile ngozi. Nilikuwa narukaruka pembeni kujipasha moto niliposikia Ragnfrid nyuma yangu.

“Baba! Kumetokea nini?” Kisha akanitazama. “Na wewe unaruka?”

Nikakunja mguu mmoja, nikachelewa.

Tukamlaza Mzee ndani ya sleji. Eivind akaja mbio, akaokota kamba, lakini Mzee akasema anataka kuvutwa na mgonjwa. Nikaikokota sleji nikitembea mpaka nyumbani, nikizama mpaka magotini, nikianguka kila penye kona. Kila nikianguka, sauti ya furaha ilitoka chini ya ngozi: “Kifundo kinaendeleaje, mkwe?”

Mkwe! Kaniita mkwe!

Ijumaa, 27 Desemba

Mzee yuko salama, anakunywa supu na kuamrisha watu. Ragnfrid hakunisemesha mpaka mchana. Kisha akanipeleka kwenye kilima cha watoto, akanivalisha skii, akanifundisha kusimama. Akasema tangu kiangazi alijua mimi si bingwa, kwa kuwa nilimwambia skii huvaliwa na soksi tatu. Hakuhitaji bingwa. Alihitaji mtu ambaye akisema jambo, yeye Ragnfrid hahitaji kwenda kuchungulia kama ni kweli.

Nikaapa: uongo basi, kabisa, milele. Akacheka, akanisukuma. Niligonga uzio. Nahamia kwake Februari!

Jumamosi, 28 Desemba

Mtu mpya kabisa mimi. Nimesema kweli asubuhi nzima. Nilimwambia hata Mama Borghild kwamba samaki wake ana chumvi nyingi mno.

Mchana tulikuwa kwa kina Eivind, kahawa na biskuti. Eivind akasimulia kwamba kila Mwaka Mpya wanaume wa huku hutoboa barafu ya ziwa na kujitosa majini uchi. Akanitazama, akatabasamu lile tabasamu.

Nikasema sisi wa Bergen hufanya hivyo kila Jumapili, tena kabla ya chai.

Wamenipa nafasi ya kwanza. Ragnfrid kanikodolea macho mpaka biskuti ikanidondoka.

Lakini hakuna wasiwasi. Nimeanza kukohoa tangu jioni, kidogo kidogo, ili wazoee.