Saba Mara Saba, Ruka

Jumatatu, 8 Juni
Leo nimeongea mbele ya watu. Watu wenyewe ni watoto sita, mkubwa wao ana miaka tisa, lakini nimeongea. Mwalimu wa darasa la tatu ametugawia waliokwama kwenye jedwali la saba. Nusu wangu, nusu wa Kikokotoo, mwenzangu wa kidato kimoja anayepiga hesabu kichwani huku akipiga miayo. Ijumaa kuna jaribio. Ambaye watoto wake watashinda atapewa darasa zima kila alasiri, kuanzia wiki ijayo.

Nalitaka hilo darasa kuliko chakula. Kwenye darasa langu mwenyewe nikifungua mdomo, hata mimi sijisikii.

Kikokotoo anawakaririsha tu. Maskini. Mimi nimesoma kitabu kizima kuhusu mapigo na hesabu. Nitatumia muziki.

Jumanne, 9 Juni
Nimeazima sufuria kubwa ya mama. Mama hajui. Mdogo wangu wa kike, ambaye ni mmoja wa wale sita, ametangaza kwamba kaka anaimba kama mlango lakini anapiga vizuri. Nimepokea pongezi.

Wimbo umekaa sawa, isipokuwa mahali pamoja. Kwenye saba mara saba sufuria inalia kishindo na wote wanaruka. Arubaini na tisa ni ndefu mno kuimbwa hewani. Mmoja ametua katikati ya neno akajing'ata ulimi. Nimeweka hamsini kwa muda. Imeingia kama mguu kwenye soksi. Nitarekebisha kesho.

Jumatano, 10 Juni
Wanauimba bombani, wanauimba chooni! Watoto wa Kikokotoo wametoroka kupitia dirishani, wamejiunga nasi. Kikokotoo amekuja kuwafuata, akasema yangu ni kelele tupu. Amesimama mpaka mwisho lakini.

Nimejaribu kurejesha arubaini na tisa. Mdogo wangu akasema hairukiki. Wenzake wakamuunga mkono. Ningefanyaje, nimezidiwa kura. Kesho.

Alhamisi, 11 Juni
Baba ni fundi cherehani. Leo amekata kitambaa cha pazia huku akiuimba, na pazia limezidi inchi moja. Analaumu utepe wake wa kupimia, eti umezeeka. Nimekula haraka, nikaenda kulala. Mama anauliza sufuria yake imebonyezwa na nani. Nimelala zaidi.

Ijumaa, 12 Juni
Jaribio. Kimya kizuri, penseli zinakimbia, vichwa vinatikisika kwa pamoja. Moyo wangu unapiga saba saba. Walipofika swali la saba mara saba, darasa zima likaruka kutoka kwenye madawati, likatua, likaandika hamsini.

Wangu wote. Wa Kikokotoo wote.

Mwalimu akauliza nani kawafundisha. Vidole vidogo vikanielekea. Akaniuliza kwa upole kabisa, mwanangu, arubaini na tisa imekukosea nini? Nilitamani kuingia ndani ya sufuria nijifunike.

Kikokotoo akacheka mpaka akashika ukuta. Mwalimu akamgeukia ghafla: saba mara saba? Akasema hamsini. Na visigino vikanyanyuka.

Basi mwalimu naye akacheka. Akasema wiki iliyopita watoto hawa walikuwa wakiona saba wanaomba kwenda haja, leo wamekosa swali moja tu. Darasa ni langu! Sharti moja: kila wimbo Kikokotoo aukague kabla haujafika kwa watoto. Nimeapa kwa mikono yote miwili.

Jumapili, 14 Juni
Nimetunga jedwali la nane. Tamu ajabu. Pa kuruka ni nane mara nane. Tatizo dogo, sitini na nne inatua kabla haijaisha. Sitini peke yake inakaa kama imezaliwa pale.

Kikokotoo nitamwonyesha, ahadi ni ahadi. Watoto wauzoee kwanza.