Mwalimu wa Kiswahili na Ndoo ya Bi Zena

Leo nimevuliwa ualimu. Mchana kweupe, Kipini, mbele ya mke wangu, mtoto wangu na kuku wasiopungua sita. Nyinyi wenzangu wa chuoni mliotawanyika Hola, Bura na Tarasaa, barua ni hii moja, mpokezane. Na mkifika mahali pa kucheka, kumbukeni kwamba tumekula maharagwe ya sufuria moja miaka miwili.

Nianze na kosa langu, maana mambo haya hayakuanzia Kipini. Yalianzia darasa la tatu hapa Garsen, muhula uliopita. Mimi ndiye mwalimu wa Kiswahili, na binti yangu Saadia anakaa dawati la pili. Siku moja alisimama akasema, "Mwalimu, kitabu yangu imepotea." Mnajua tunavyosema huku. Mpokomo, Muorma, Msomali, Mgiriama, sote tunakutana sokoni na hicho hicho Kiswahili cha "kitabu yangu", na tunauziana samaki bila ugomvi. Lakini mimi nilikuwa na chaki mkononi. Nikamwambia arudie mbele ya wenzake: kitabu changu kimepotea. Mara kumi! Darasa zima likacheka. (Nami nikatabasamu kidogo. Hilo ndilo linaloniuma.)

Tangu siku hiyo Saadia hakunisemesha. Si kwa Kiswahili, si kwa Kipokomo. Nikimuuliza kama amekula, anatikisa kichwa. Nikimuuliza shule ilikuwaje, anainua mabega. Na mama yake anaongea vizuri tu jikoni, ila nikichungulia mlangoni, kimya. Muhula mzima, jamani! Nyumba ina mtoto wa miaka tisa, na sauti inayosikika ni ya redio.

"Umemfunga mtoto mdomo," mke wangu Habiba aliniambia. "Sasa mfungue mwenyewe."

Nikabuni dawa. Matembezi! Si ya hoteli, mshahara wetu mnaujua. Matembezi ya kuona mambo ya kale, yale yasiyo na lango wala karani wa tiketi. Unafua nguo mapema, unafunga chakula kilichobaki jana, mnakwenda. Mwezi uliopita tulianzia Golbanti kuona makaburi ya wamisionari wa zamani. Nilieleza historia saa nzima. Saadia akatikisa kichwa mara mbili. Habiba akanivuta pembeni.

"Mtoto hasemi," akaninong'oneza, "nawe unamleta kwa wasiosema kabisa?"

Basi leo ikawa zamu ya Kipini, kuona magofu ya mji wa kale. Nilijiambia, nitampeleka mtoto kwa watu walioanza Kiswahili mgongoni mwa mama zao. Atakisikia, atakipenda, atafungua mdomo. Nilikuwa na uhakika huo kama nilivyo na uhakika wa jina langu. (Mtaona nani alisikia na nani alikuwa kiziwi.)

Alfajiri Habiba alikuwa ameshafua, mimi naanika. Ndiyo, naanika nguo, na sioni haya. Saadia akawafungulia mbuzi, tukafunga mihogo ya kuchemsha na samaki wa jana katika kikapu, tukapanda lori la jirani yetu aliyekuwa akienda Kipini kuchukua nazi. Askari wa kusindikiza nao juu, kama ilivyo kawaida ya njia ile. Barabara tangu iliwe na El Niño haina raha, lakini tulifika saa nne mifupa yote ikiwa mahali pake.

Mwalimu mwenzangu shuleni ana shangazi yake huko, Bi Zena, anayekaa karibu kabisa na magofu. Alikuwa amempelekea habari kwamba tutakuja, atuonyeshe njia. Tukaikuta nyumba yake, ya makuti, uwanja umefagiliwa hadi unaona aibu kuukanyaga. Kando ya mlango palikuwa na ndoo ya plastiki, ya buluu, imefunikwa sinia. Nikapiga hodi, kisha nikainama kutua kikapu.

"Karibu!" sauti ikajibu kutoka mlangoni. "Ndoo, mwanangu! Ndoo!"

Habiba akanitazama. "Anasema nini?"

"Ndoo," nikamjibu, bado nimeinama nahangaika na kamba ya kikapu. "Anatuonyesha ile ndoo pale. Ni maji ya kunawa."

Nilipoinua kichwa mlango ulikuwa mtupu. Bi Zena alikuwa amesharudi ndani. Mara sauti ikatoka tena, kubwa zaidi.

"Ndooni! Ndooni nyote!"

Hapo ndipo elimu iliponipanda kichwani.

"Ndoo-ni," nikawaeleza familia yangu, kidole juu. "Nomino, halafu kiambishi cha mahali. Nyumba, nyumbani. Ndoo, ndooni. Maana yake, ndani ya ndoo. Nyote, yaani sisi watatu. Hawa ni watu wa usafi, mgeni anaosha miguu kabla hajaingia kwa watu."

"Ndani ya ndoo?" Habiba akauliza. "Si kujimwagia kwa kata?"

"Angetaka tujimwagie angesema kwa ndoo. Amesema ndooni."

Saadia akanivuta shati. Nikageuka. Midomo yake ilikuwa imefunguka.

"Baba..." akasema.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Ngoja kwanza, Saadia, baba anaeleza."

Neno la kwanza baada ya muhula mzima, nami nikalikata! Habiba alinitupia jicho ambalo sitaliandika hapa, barua hii inaweza kusomwa na watoto. Nikajua nimeharibu, lakini sauti ya Bi Zena kutoka ndani ikawahi.

"Mbona hamuyi? Ndooni, chakula chapoa!"

(Chakula! Nilisikia neno chakula na bado sikushtuka. Niliona ni sababu nzuri ya kuharakisha kuosha miguu.) Nikavua kiatu. Nikavua soksi, yenye tundu kwenye kidole gumba. Nikaondoa sinia. Nikakunja suruali hadi gotini. Nikatia mguu.

Maji yalikuwa baridi, ya kupendeza. Tatizo ni kwamba ndoo ile ilikuwa nyembamba chini, na mguu wangu mnaujua, ndio ule mliokuwa mkiuita mtumbwi. Uliingia kimshazari na ukakataa kurudi. Nikamgeukia mke wangu nikasema kwa heshima zote, "Njoo, Mama Saadia. Nikitoka, unaingia wewe."

Bi Zena akatoka. Mwiko mkononi. Akasimama. Akaniangalia uso, akaniangalia goti, akaangalia ndoo. Kuku wakasimama pia.

"Shikamoo, Bi Zena," nikasema. Ningesema nini?

"Marahaba." Akaushusha mwiko. "Mwalimu, hayo ni mai ya kunwa."

Hilo sikuhitaji kamusi.

"Lakini, Bi Zena, si umesema ndooni?"

"Nimesema ndooni, ee. Muye ndani, mule!"

"Baba!" Saadia akapaza sauti, sauti ambayo nilikuwa nimeanza kuisahau. "Ni njooni! Ndoo ni njoo! Alikuwa anatuita!"

Akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye uwanja uliofagiliwa. Habiba, aliyekuwa ameziba mdomo kwa leso, akaachilia. Bi Zena akachelewa kidogo kuelewa, kisha akashika mwimo wa mlango na kuinama, mabega yanamtikisika, anasema, "Ndoo! Amengia ndooni! Yallah!" Mimi nimesimama katikati kwa mguu mmoja na nusu, mwalimu mwenye cheti. Neno "njoo" nalifundisha darasa la kwanza, wiki ya kwanza.

Kunitoa kulihitaji watu. Bi Zena alishika ndoo, Habiba akanishika kwapani, na Saadia akawa msimamizi. "Kunja vidole, baba! Vuta! Si hivyo, kunja!" Mguu ukachomoka na maji yakamwagika yote.

Hapo mimi sikucheka. Kisima cha karibu kina chumvi, na maji matamu Bi Zena huyafuata mbali, alfajiri, kwa umri wake ule. Alikuwa ameyateka kwa ajili yetu. Niliona haya ya kweli. Nikamwambia nitayarudisha. Akakataa, mimi mgeni, nikae nile kwanza. Nikachukua ndoo, nikauliza njia ya kisima cha maji matamu, nikaenda hivyo hivyo na kiatu kimoja. Nyuma yangu nikasikia hatua. Saadia, na kibuyu kidogo mkononi, hakuna aliyemtuma.

Tulitembea.

"Wewe ulijuaje?" nikamuuliza.

"Wewe ulisikiza neno," akasema. "Mimi niliangalia mkono. Alikuwa anafanya hivi." Akanionyesha, kiganja chini, vidole vinavuta.

"Nilikuwa nimeinama."

"Baba, kweli ulifikiria watu wanaingia kwa ndoo?"

"Nilifikiri hivyo."

"Wote?"

"Mmoja mmoja."

Akacheka tena, kibuyu kikamponyoka. Nikakiokota. Nikaona nikikawia sitasema tena. Nikamwambia, "Saadia, siku ile darasani nilikukosea. Haikuwa haki yangu kukusimamisha wenzako wakucheke. Nisamehe."

Hakujibu. Tukafika kisimani, tukateka, tukaanza kurudi. Nilidhani mlango umefungwa tena, na moyo wangu ukawa mzito kuliko ndoo. Kisha akasimama, akaniangalia chini, akaniangalia juu, na kusema polepole, kama mtu anayejaribu ngazi mpya kwa unyayo, "Baba, mguu yako imekuwa nyekundu."

Akangoja. Alijua alichosema, na alijua mimi ni nani.

"Ndiyo," nikasema. "Mguu yangu imekuwa nyekundu sana."

Akanipa mkono wake ulio huru, tukarudi hivyo hadi kwa Bi Zena.

Tulikula wali wa nazi uliopoa, mtamu ajabu, na mihogo yetu tukamwachia mwenyeji. Baadaye tukaenda kwenye magofu. Kuta za mawe ya matumbawe, vishubaka ukutani, mizizi imepenya madirishani. Nilikuwa nimetayarisha maelezo ya saa nzima. Sikusema hata moja. Saadia ndiye aliyeuliza: walikuwa wakipika wapi, walilala wangapi, nani alikuwa akiteka maji? Bi Zena akamjibu kwa Kiswahili chake, na pale asipoelewa, mtoto akamwambia tu, "Sema tena, bibi," na bibi akasema tena. Hivyo tu. Hakuna aliyerudia mara kumi. Habiba akaingiza mkono kwenye kiwiko changu, jambo ambalo hajalifanya hadharani tangu harusi yetu, na mimi nikaangalia ukuta sana ili nisiaibike kwa machozi.

Kwenye lori Saadia alimsimulia dereva. Kisha askari. Askari mmoja aliniomba nimwonyeshe mguu. Tumefika nyumbani alasiri, nguo zimekauka kwenye kamba, Habiba anachambua mchele, mimi nimekaa kizingitini nawaandikia nyinyi, na mtoto yuko uwanjani kwa jirani. Namsikia kutoka hapa. Anasimulia kwa mara ya nne, na baba yake sasa ameingia ndooni miguu yote miwili, mpaka kiunoni.

Ulikuwa mguu mmoja, jamani. Lakini mimi simsahihishi.