Mwendo Uliothibitishwa

Idara ya Nasaba Kamili iliutangazia umma kwamba, kuanzia Jumatatu, raia wa daraja la kwanza wangepigwa filamu kwa kamera iliyowekwa usawa wa goti, ili waonekane warefu. Wa daraja la tatu wangepigwa kutoka darini. Taa ya buluu ilitengwa kwa ajili ya nasaba safi. Wengine wote waliruhusiwa kivuli, kwa kiasi.

Mpigapicha wa Idara alilisoma tangazo mara mbili na hakuona kosa. Mashine ya kupima damu ilikuwa mbovu mwaka wa pili sasa, kamera ilikuwa nzima, na serikali haiwezi kukaa bila kujua nani ni bora kuliko nani. Kila kijana alitembezwa ushorobani mbele ya kamera. Kamati ikaitazama filamu, ikampa daraja.

Jumanne ilikuwa zamu ya binti yake. Alitaka ualimu, na chuo kilipokea daraja la kwanza tu. Naye alichechemea mguu wa kushoto tangu alipoanza kutembea.

"Watanipa la tatu, baba. Mguu huu hata kipofu anauona."

"Kamati haina kipofu, ina wazee wenye usingizi. Wewe tembea kama unakwenda dukani."

Akaibeba kamera begani, akaenda kinyumenyume: binti akishuka, naye anashuka, akiinuka, anainuka.

"Mbona na wewe unachechemea?"

"Nakusindikiza, mwanangu. Tazama mbele."

Kwenye filamu binti aliteleza kama mafuta, huku kuta za Idara zikiyumba nyuma yake kama walevi. Mkurugenzi wa Idara akatamka kwamba mwendo huo ulikuwa kamili kiasi cha kuliaibisha jengo. Binti akapewa daraja la kwanza, na mwendo wake ukatangazwa kuwa kipimo cha taifa, ambacho kila raia angelinganishwa nacho.

Alhamisi yeye na baba yake waliitwa kupokea hati. Binti aliingia akichechemea.

Karani akainama sikioni mwa Mkurugenzi. "Mheshimiwa, huyu mtoto anachechemea."

"Hati inasemaje?"

"Hana dosari."

"Ina muhuri?"

"Umeupiga mwenyewe, mzee. Mara tatu."

"Basi hachechemei. Watu ndivyo wanavyotembea."

Karani akaandika, kisha kalamu ikasita. "Sasa, mzee, wewe asubuhi uliingia..."

"Niliingia vipi?"

"Umenyooka."

Kamati nzima ikaitazama miguu ya Mkurugenzi. Akasimama, akavuka chumba akijitahidi kwa heshima zote.

"Ni wa kushoto, mheshimiwa," binti alimwambia kwa upole. "Usijikaze. Shuka, halafu jiachie. Mshike baba bega."

Mkurugenzi akamshika mpigapicha bega, akazunguka meza mara sita. Katika raundi ya nne aliangusha chupa ya chai; ya sita alitoka jasho, lakini alikuwa bado amenyooka vibaya sana.

Kamati, kwa masikitiko, iliamua yafuatayo: Mkurugenzi awekwe daraja la tatu, apigwe filamu kutoka darini, na asikanyage kikao chochote mpaka rufaa yake isikilizwe. Rufaa itasikilizwa katika kikao kijacho, ambacho, kwa mujibu wa kanuni, huitishwa na Mkurugenzi na hakiwezi kufunguliwa asipokuwapo.