Kufunguliwa kwa Nyumba ya Bwana Haskett, Garissa, 1966

Mheshimiwa Katibu kutoka Nairobi, uliyekuja na mkasi wako mwenyewe, Afande mkuu wa ulinzi wa kijiji hiki chenye uzio, waheshimiwa machifu, manaibu wa machifu na wanaosubiri kuwa manaibu, masheikh wetu, wazee wa Garissa na wa Kotile, wafanyabiashara wa Elwak mliokwama hapa tangu barabara ifungwe, akina mama, vijana, na mbuzi mlioingia bila kibali: assalamu alaykum. (Umati: Wa alaykum salaam. Mbuzi wanatolewa.)

Mimi, Ahmednoor Warfa, Mwenyekiti wa Kudumu wa Kamati ya Muda ya Hifadhi ya Majengo ya Kale, nasimama mbele yenu kwa fimbo mbili na ruhusa nusu ya daktari, ambaye ameniambia kwamba mvua zijazo nitazisikia nikiwa chini ya ardhi. Kwa hiyo hii ndiyo ripoti yangu ya mwisho, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu uliotukuka nimeamua kwamba itakuwa ya kweli. (Makofi. Katibu anatabasamu, kisha anaacha.)

Ndugu wananchi, kwa mujibu wa sera, mastaplani na fizibiliti, nyumba ya Bwana Haskett, mlowezi wa kwanza na, alhamdulillahi, wa mwisho kuanzisha shamba upande huu wa Tana, ina thamani ya kihistoria ya asilimia tisini na saba. Asilimia tatu zilizobaki zililiwa na mchwa. (Makofi.) Bwana huyo alikuja kabla ya ile vita ya kwanza ya Wazungu, akafuga mbuni ili mabibi wa kwao wavae manyoya kichwani, na katika ripoti zangu zote nimeandika kwamba alijenga nyumba ya mawe yenye baraza, madirisha kumi na mawili na bomba la moshi la kupashia nyumba joto, hapa Garissa, ambapo hata chai hupoa kwa shida. (Kicheko.)

(Sauti ya mwanamke: Adeer, na ngamia yangu je?)

Huyo anayeniita ami ni Habibo, binti wa marehemu Kaaha, na swali lake limo katika ajenda, kipengele cha mwisho, vumilia mwanangu. Kwa faida ya wageni nifafanue kwamba ngamia wake wa mizigo alikamatwa nje ya uzio, chini ya amri ya hali ya hatari inayosema kila ngamia anayepatikana nje ni wa shifta, yaani wale waasi wenye bunduki, na yumo zizini nyuma ya jukwaa hili, akisubiri kuchinjwa kesho asubuhi awe kitoweo cha askari.

(Habibo: Yeye hapana shifta. Yeye ni ngamia tu. Uliza yeye.) (Kicheko kirefu. Afande anaomba utulivu.)

(Katibu: Mzee, fupisha. Nyumba yenyewe iko wapi?)

Swali zuri sana, mheshimiwa, na limewasumbua wataalamu miaka hamsini, kwa sababu ramani ya serikali inaonyesha nyumba sita za Haskett, mahali sita tofauti, na wataalamu wakahitimisha kwamba mtu huyo alikuwa tajiri mno. Ukweli wa kiutawala ni kwamba mawe yake yalizama mtoni pamoja na kivuko, na Kaaha, mama wa huyu Habibo, akamwonea huruma akamjengea nyumba wanayojenga akina mama wa hapa, aqal, yaani fito zilizopindwa na kufunikwa mikeka. Kisha mvua ikanyesha kwingine, na Kaaha akafanya alivyozoea: akaivunja nyumba, akaipakia juu ya ngamia, akaondoka, na Bwana Haskett, aliyekuwa ndani akinyoa ndevu, akafuata nyuma na povu lake usoni. (Kicheko. Mzee Billow anaanguka kutoka kitini, anainuliwa.) Kila walipotua, akaichora nyumba upya kwenye ramani.

Fito hizo ni zilezile, mheshimiwa. Ndizo zile pale, zimefungwa na kulazwa mchangani, na mwenyewe Habibo anajibanza kwa jirani kwa sababu hana wa kuzibeba. Sasa naingia katika utaalamu, naomba mnisikilize. Kila jengo lina msingi. Msingi wa jengo hili una miguu minne, unatafuna, na uko zizini kwa Afande. Na kwa kanuni za urithi, nilizoziandika mimi na kutiwa saini na wewe, mheshimiwa, ni kosa kwa mtu yeyote kutenganisha, kubomoa au kula sehemu ya jengo la kihistoria.

(Afande: Mzee, neno "kula" halimo.)

Limo, Afande. Niliongeza jana. (Makofi.)

(Katibu: Lakini mimi niliona picha. Nilisifu madirisha.)

Uliyasifu, mheshimiwa, tena kwa maandishi, ukapendekeza yapakwe rangi ya kijani, nami nikayapaka, kwenye ripoti. Picha ile ilikuwa ya posta ya mji ambao sitautaja. Basi tuna njia mbili za utekelezaji: urudi Nairobi ukaeleze ulisifu madirisha gani, au ukate utepe. Utepe uko tayari. Mlipokuwa mkipiga yale makofi ya kwanza, mjukuu wangu Lul aliufunga shingoni mwa ngamia, akisaidiwa na askari aliyedhani ni sherehe. (Askari mmoja anatazama viatu vyake. Katibu anafungua mkasi, anaelekea zizini. Afande anatafuta ufunguo mfukoni, anaupata kwenye mfuko wa pili. Vigelegele.)

Nyumba zetu! (Umati: Zipakiwe!) Urithi wetu! (Umati: Utembee!) Ngamia wa Habibo! (Umati: Hapana shifta!)

Kwa kumalizia, namshukuru Mheshimiwa Katibu kwa kufungua rasmi mradi ambao haukuwahi kuwapo, usio na jiwe, mlango wala mlinzi, na ambao tangu dakika hii hauna hata kiwanja, maana naona fito zimeshapakiwa na jengo linatoka langoni. Nawashukuru askari wa lango kwa kulipigia saluti. Habibo, kanuni hazisemi jengo lirudi lini. Nilihakikisha. Ahsanteni kwa kunisikiliza. (Makofi. Habibo hapigi; mikono yake yote miwili imeshika kamba.)