Kompyuta Chini ya Shuka Jeupe

Jumanne, 12 Agosti

Joëlle, mke wangu, ameondoka kwenda Kasenga kumwona mama yake. Ameacha amri moja: akirudi Jumapili akute watu kumi wazima wa akili wameshakuja kuitazama kompyuta yangu. La sivyo, inahamia banda la kuku. Kompyuta ya 1992! Sebuleni nina mashine saba za zamani, lakini hii ndiyo pekee inayowaka. Inaandika mstari mmoja, wa kuomba disketi. Disketi sina. Mwaka wa pili huu inaomba.

Jumatano, 13 Agosti

Mgeni mmoja tu. Chilufya wa jirani, kaja kuazima ungo. Kauliza hiyo televisheni iliharibika lini.

Ng'ambo ya barabara Souleymane kajaza watu kwa redio zake kuukuu. Kwa sababu zinaimba! Kwa wivu, ugali wangu nimewapa kuku.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimepata wazo. Sebule imebanana mno. Nimetoa makochi, viti, kabati, vyote nimevipanga uani. Mashine sita nimezisukuma chumbani. Katikati ya sebule tupu nimeweka meza, na juu yake kompyuta, nimeifunika shuka jeupe ili nikiifunua washangae. Simu nimeizima nisisumbuliwe.

Chilufya kapita, kaona, kaniuliza polepole: "Papa Kasonde, ba mama Joëlle beko wapi?" Nikamjibu yuko Kasenga, ila awaambie watu waje Jumamosi. Kashika mdomo, kaondoka mbio. Sikujua anapenda kompyuta kiasi hicho.

Jumamosi, 16 Agosti

Wamekuja arobaini na mmoja! Lakini sielewi. Wanawake wamevua viatu, wameketi sakafuni. Wanaume wamejaa uani kwenye viti vyangu. Mmoja kaleta gunia la makaa. Souleymane kanikumbatia huku analia. Nilijua iko siku atakubali kushindwa.

Nikavuta shuka. Hakuna aliyepiga makofi. Chilufya akauliza maiti iko wapi. Maiti gani tena?

Hapo Joëlle akaingia na kapu la samaki. Wengine walikimbia nje kupitia dirishani. Simu yangu haikupatikana siku mbili, akaogopa, akawahi kurudi. Nimeelezwa mara tatu: viti vikitolewa sebuleni, mtaa mzima unajua kuna msiba. Mke haonekani, shuka jeupe katikati ya nyumba. Walikuja kumlilia yeye.

Joëlle alitazama macho yao mekundu, akaniuliza kama mimi pia nililia. Nikasema ukweli: nilikuwa na wageni wengi.

Jumapili, 17 Agosti

Kompyuta iko kwa kuku. Mmoja ameshataga juu ya kibodi. Joëlle hasemi nami tangu jana, na inaniuma kweli. Alitaka kumi, nikamletea arobaini na mmoja. Kosa langu liko wapi?

Jioni nimemuuliza kwa upole ni lini tena atakwenda kumwona mama yake. Shuka nimeshalifua.